Wageni Watatu wa Mwalimu Kilian

Jumatatu, 5 Juni 1995
Miguu imevimba. Jana viatu vya kanisani viligoma kuingia, nikaenda Misa na ndala. Nilikaa benchi la nyuma, peke yangu.

Dawa zipo. Tatizo ni duka. Tangu maduka binafsi yaruhusiwe, hapa Lituhi tuna duka moja la dawa, na mwenyewe ni Pankras. Nilimfundisha sayansi darasa la sita. Swali la mzunguko wa damu alipata sifuri. Sasa sokoni wanamwita Daktari! Siwezi kumwonyesha miguu yangu.

Nimepata mbinu. Nimemwambia nina mgeni kutoka Lipingo, shemeji yangu, amevimba miguu. Akauliza imeanza lini, na akibonyeza panabaki shimo au hapana. Nikasema sijui, si miguu yangu. Kanipa dawa ya kuchua. Nimechua. Imevimba vilevile, ila inanukia.

Jumatano, 7 Juni
Kikohozi. Kinakuja nikilala tu. Nimepanga mito miwili, wangu na wa marehemu mke wangu Bonifasia. Haikutosha, nikaongeza gunia la mihogo mikavu chini yake. Nalala kama nimeketi.

Mapafu na miguu wapi na wapi! Nimerudi dukani. Mgeni wa pili: binamu, anakohoa. Pankras akaniuliza kwa adabu kama nyumba inatosha. Nikasema tumebanana. Ilinipendeza kusema hivyo.

Nikanunua mafungu matatu ya usipa wa chumvi, dagaa wetu wa ziwani, aone napikia watu. Nimeyala yote mwenyewe.

Ijumaa, 9 Juni
Tumbo limejaa, zaidi upande wa kulia. Mgeni wa tatu: shangazi. Nilipokwisha kutamka nikakumbuka nina miaka sitini na minne.

Pankras hakutoa dawa. Akauliza shangazi anapandaje kilima cha kanisa. Nikasema anapumzika mara mbili. Akauliza binamu analalia mito mingapi. Miwili na gunia, nikasema. Akafuta kaunta ambayo haikuwa chafu.

“Mwalimu,” akasema taratibu, “hao wageni wako ni mtu mmoja. Nadhani ana shida ya moyo.”

Nimeondoka bila kuaga. Mtu wa sifuri!

Jumamosi, 10 Juni
Nilifunga mlango kwa ndani. Pankras akabisha, akatoa shikamoo kupitia dirishani, akasema lori la wanunuzi wa usipa linakwenda Mbinga na ameomba nafasi mbili. Nikamjibu wageni wamelala, asipige kelele. Hapo kikohozi kikanishika, nikashindwa kupumua, nikamfungulia.

Akaiona sahani moja. Kikombe kimoja. Akachukua shuka langu na sweta, akanishika mkono hadi barabarani. Dereva alinipisha mbele. Pankras akapanda nyuma, juu ya magunia ya samaki.

Jumatatu, 12 Juni. Hospitali ya Litembo, Mbinga
Baridi. Sista Scholastica amenisikiliza kifua na mgongo, akabonyeza mguu. Shimo lilibaki.

Akaeleza. Moyo umechoka, hausukumi damu vizuri. Damu inakwama nyuma yake kama foleni. Maji yanavuja mapafuni, ndiyo kikohozi. Ini linavimba, ndiyo tumbo. Mengine yanashuka miguuni. Nazo figo zikipata damu kidogo hudhani mwili umekauka, zinashikilia chumvi na maji, mzigo unazidi kwa moyo uleule.

Nikamwambia nimefundisha hayo miaka thelathini, kwa chati ya rangi. Akauliza kwa nini basi nimechelewa. Nikatazama dirisha.

“Alikuwa na wageni, Sista,” Pankras akasema. Hakucheka.

Nimepewa vidonge vya kutoa maji, na vya moyo. Chumvi marufuku. Na nisikae peke yangu. Sista akauliza nyumbani kuna nani. Pankras akasema atakuwa anapita yeye.

Alhamisi, 22 Juni
Niko nyumbani. Nakojoa kama bomba. Nalalia mto mmoja. Wa Bonifasia nimeurudisha upande wake.

Pankras anakuja kila siku saa kumi, akishafunga duka. Anabonyeza miguu kwa kidole gumba, anahesabu vidonge, halafu anakaa. Leo kasimulia jinsi mama mmoja alivyotaka dawa ya kumfanya mumewe asikorome. Nimecheka hadi nikashika mbavu. Nimenunua kikombe cha pili. Kilikuwa bei nafuu, ndiyo sababu.

Jumapili, 25 Juni
Viatu vimeingia! Kwa hiyo nimepona. Baada ya Misa nikamwambia Pankras, mbele ya watu, asijisumbue kuja tena, mtu ana duka lake. Akasema sawa, Mwalimu.

Vidonge nimepunguza nusu, figo zipate kupumua. Usipa nimeutia chumvi kidogo, ya kuonja tu.

Saa kumi nikachemsha chai, nikamimina vikombe viwili kwa mazoea. Saa kumi na moja cha pili kimepoa. Saa kumi na mbili nikakimwaga. Ametii. Shuleni hakuwahi kutii, leo ndiyo ametii.

Sikio la kushoto linavuma tangu mchana. Sikio ni kiungo cha pembeni, halihusiani na kitu. Kesho asubuhi na mapema nitakwenda dukani kuulizia dawa ya sikio. Ya sikio tu. Akitaka kunibonyeza miguu, sitamkatalia, lakini habari za moyo asinianzie.