Habari za Seleman Fundi na Daraja la Pili la Bi Mwajabu

Sogeeni, enyi mnaotafuna upande mmoja wa kinywa. Sogeeni nanyi mliojaliwa meno thelathini na mawili yasiyo na kasoro, ingawa nyinyi siwapendi sana. Tegeni masikio mpate habari ya jambo kubwa lililotendeka Area D, katika mji wa Dodoma, siku ya Jumanne, baina ya saa nne na saa sita, ambapo kipande cha chuma kisichozidi punje ya mchele kilishika mkononi mwake heshima ya mwanamke mmoja wa Kondoa. Sikuhadithiwa. Nilikuwapo mwenyewe kwenye benchi la zahanati ya meno, shavu limevimba, nikiomba foleni isifike kwangu.

Shujaa wetu ni Seleman bin Abdulswamadu, Mtengeneza Magego, Bwana wa Nta na Plasta, mtawala wa chumba cha nyuma chenye dirisha moja na feni isiyozunguka. Huyu ni wa ukoo wa masonara. Babu wa babu yake alifika huku bara pamoja na misafara, akiwa na nyundo ndogo mkobani, na tangu hapo haukutoka katika nyumba hiyo mkufu ambao mtu aliweza kuonyesha ulipoungwa. Wengine walirithi mashamba na ng'ombe, wao walirithi kuficha kiungo. Seleman aliiacha dhahabu akaenda chuo kusomea meno ya bandia, lakini mkono wa baba yake alikwenda nao.

Na huyo mwanamke ni Bi Mwajabu binti Masudi, Malkia wa Kashata, ambaye kwa miaka ishirini na sita amekaa stendi ya Kondoa na sinia lake la kashata za karanga, akizipika kwa mkono wake na kuzihukumu kwa meno yake. Kila asubuhi, kabla hajauza hata moja, huchukua kashata mbele ya wateja na kuivunja kwa magego ya kulia. Akiridhika, sinia linafunguliwa. Asiporidhika, zote zinarudi nyumbani, hata kama basi la Babati limejaa watu wenye njaa.

Kisha zikaja zama za msiba. Upande wa kushoto ulikuwa umebaki ufizi mtupu tangu zamani, na sasa magego mawili ya kulia chini nayo yakamtoka, moja baada ya jingine. Kwa mwaka mzima kazi ya kuonja ikashikwa na Rukia, mke wa mwanawe, ambaye kila asubuhi aliuma, akatafuna kwa adabu, akasema, "Ziko sawa, mama." Wateja nao walisema ahsante, na kesho yake hawakurudi. Bi Mwajabu hakujua kama kashata zake zimeharibika au ni watu tu wamebadilika, na kutojua huko kulimtesa kuliko jino lolote lililowahi kumuuma.

Ndipo alipokuja Dodoma kutafuta daraja. Daraja la meno, kwa asiyejua, ni jambo la ushirikiano: meno mawili yaliyosalia huku na huku yanavishwa kofia, na katikati yake yanakaa meno ya bandia yasiyo na mizizi, yakining'inia kwa imani. Yote hayo yameshikana kwa viungo, na mtu anapouma, viungo ndivyo vinavyobeba mzigo.

Daraja la kwanza Seleman alilifanya kwa utukufu wote wa mababu. Viungo vikawa vyembamba, vikajificha, hata Daktari Evodia, mwenye zahanati, akaligeuzageuza kwenye mwanga na kukiri kwamba hajawahi kuona kazi safi namna ile. Bi Mwajabu akapanda nalo basi. Wiki haijaisha, akasimama stendi mbele ya umati, akaweka kashata kwenye magego mapya, akauma, na kilicholia hakikuwa kashata. Daraja lilikatika pale pale kwenye kiungo, na kipande chenye meno mawili kikaangukia katikati ya sinia, Kondoa yote ikiona.

Naam, hiyo ndiyo aibu iliyokuja kulipizwa Jumanne ile. Daraja la pili lilikuwa limekwisha kumiminwa kwa chuma kilichoyeyushwa, limekaa juu ya taya la plasta, likingoja kukwanguliwa na kung'arishwa. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi kwa sababu ya ile feni, kwa hiyo sisi wa benchini tuliona kila kitu na kusikia kila neno.

Daktari Evodia aliingia na kipimo mkononi, akanena: "Seleman, leo sitaki maneno mengi. Kiungo cha nyuma kina milimita tatu kutoka juu hadi chini, nimekipima. Nikirudi nikute tatu."

"Daktari, kinaonekana."

"Kionekane."

"Baba yangu angeona donge hili angeuliza ni nani aliyenifundisha kazi."

"Baba yako aliunga mikufu," akasema Daktari Evodia. "Mkufu hautafuni." Akatoka, akaita mgonjwa mwingine, na kwa masikitiko yangu foleni ikasogea.

Akabaki shujaa peke yake na adui yake, na adui mwenyewe ni mkono wake wa kulia. Mkono ule ulikitaka kiungo. Ulikwisha kukamata kinoo cha umeme, ukakiwasha, na sauti yake nyembamba ikapenya hadi kwenye jino langu bovu. Vizazi vinne vya masonara vilijipanga nyuma ya bega la Seleman vikimhimiza apunguze kidogo tu, robo ya milimita, nani atajua. Na chuma kikishakwanguliwa hakirudi.

Hapo ndipo Bi Mwajabu, aliyekuwa ameketi nasi tangu asubuhi, alipoinuka benchini, akajitanda khanga yake vizuri, akaelekea chumba cha nyuma kwa mwendo wa mtu anayekwenda kumwamsha mlinzi wa zamu.

"Hodi humu."

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia mashine inalia. Unapunguza nini?"

"Hapa nyuma, mama. Pamekaa vibaya."

"Vibaya kwa nani?"

"Kwa macho," akasema Seleman, na kwa mara ya kwanza hakuonekana na uhakika.

Bi Mwajabu akafungua kinywa chote, akaelekeza kidole ndani, kisha akakifunga ili aweze kuhutubu. Akanena: "Sasa nisikilize. Huku ndani hachungulii mtu isipokuwa Daktari, naye analipwa kwa kuchungulia. Mimi sikutoka Kondoa alfajiri kuja kutafuta urembo. Mwaka mzima naonja kwa mdomo wa mtu mwingine. Rukia ni mtoto mzuri, ananiheshimu, na tabu yangu ndiyo hiyo, maana anayekuheshimu hivyo hawezi kukwambia umeharibu. Watu wananikimbia na sijui kwa nini. Nipe kitu cha kutafunia, kiwe kibaya utakavyo, nijue mwenyewe kabla sijafa."

Seleman alilitazama donge, akamtazama yule mama, kisha akazima kinoo. Ziko habari nyingi za mashujaa walioinua silaha. Hii ni ya aliyeiweka mezani, akachukua kitambaa, akang'arisha kiungo kama kilivyo, kinene, kinaonekana, huku uso wake ukiwa na huzuni ya kweli. Daktari akarudi, akapima, akakuta tatu.

Saruji ya meno ikakorogwa. Daraja likashushwa mahali pake, likakaa bila kucheza, na Bi Mwajabu akauma pamba kwa muda ulioonekana kwangu mrefu kuliko mwezi wa Ramadhani. "Leo ni uji, mama," Daktari Evodia akamwagiza. "Hakuna kitu kigumu mpaka kesho."

"Nimekuelewa, mwanangu," akasema Bi Mwajabu, kwa unyenyekevu ambao ungemdanganya mtu yeyote asiyetoka Kondoa.

Akarudi benchini, akaketi kando yangu, akafungua kikapu. Akatoa kashata moja ya sinia la siku ile. Benchi zima likageuka kumtazama. Seleman alikuwa amesimama mlangoni kwake na alimwona, lakini hakumzuia, na Daktari alipotokeza alikuta mkono umekwisha kupanda. Bi Mwajabu akaiweka kashata kulia, akafumba macho, akauma.

Pakalia ko, sauti kavu iliyogonga kuta.

Hakuna aliyejua ni nini kilichovunjika. Seleman aliushika mwimo wa mlango. Bi Mwajabu akabaki amefumba macho, taya limesimama. Kisha taya likaanza kwenda, polepole, likaenda tena, tukasikia karanga zikisagika kokoto kwa kokoto, akameza, akafumbua macho yaliyojaa machozi.

"Ngumu," akasema. "Ngumu mno. Sukari nimeipitiliza motoni. Mwaka mzima nimewauzia watu mawe."

"Pole sana, mama," akasema Seleman.

"Pole ya nini, mwanangu? Nimeijua mwenyewe." Na alicheka, machozi yakimshuka, akaupitisha ulimi nyuma kabisa, mahali lilipo lile donge, kama anayemkagua mgeni aliyeamua kumpenda. Ndipo akatoa simu, akapiga nyumbani, na sauti ikamrudia ile ya zamani: "Rukia. Sinia la leo lisiuzwe. Rudisha zote nyumbani. Jioni nakuja kupika upya, na wewe utakaa uniangalie tu."

Basi iandikwe, ijapokuwa hakuna atakayeiandika isipokuwa mimi, kwamba Jumanne ile, saa sita kasoro dakika nane, kiungo cha milimita tatu kilisimama imara katika kinywa cha Bi Mwajabu binti Masudi. Kwamba Seleman bin Abdulswamadu alikitengeneza kikaonekana, wa kwanza katika ukoo wake. Na kwamba wasafiri wa Kondoa, tangu kesho yake, walipona.