Kiswahili Kinatafuta Watoto Kumi

Ijumaa, 26 Septemba 2025

Shule yetu inapukutika. Kodi za nyumba zinawafukuza watu huku Woolwich ughaibuni, madawati yanabaki matupu. Leo mwalimu mkuu katangaza: Alhamisi ni sensa ya wanafunzi, na lugha isiyofikisha watoto kumi wanaoiongea nyumbani itanyang'anywa klabu. Klabu yangu! Ndiyo saa pekee kwa wiki ninayosikia lugha yangu ikitoka kinywani mwa mtu mwingine ana kwa ana. Chumbani kwangu naongea na birika. Na Surinder, msaidizi wa darasa kama mimi, anakinyemelea chumba cha klabu yangu kwa ajili ya klabu yake ya Kipunjabi. Hakipati ng'o! Nina mpango.

Jumapili, 28 Septemba

Kanisani, na ndoo ya mandazi. Baada ya ibada nikawazingira kina mama wa watoto wetu, Wakenya na Wakongo. Nikawasihi waiambie shule kwamba nyumbani wanaongea Kiswahili. Mandazi yakaliwa. Mama Marion akaninong'oneza kwamba mtoto akiandikwa Kiswahili atatupwa kundi la wasiojua Kiingereza. Akaapa, haki ya Mungu, kwamba nyumbani kwake hakuna anayejua Kiswahili. Aliapa kwa Kiswahili! Mama Bijou akamuunga mkono, kwa Kiswahili cha Lubumbashi.

Jumanne, 30 Septemba

Mpango wa pili: watoto wenyewe. Nimesimama langoni, nasalimia, atakayeitikia kwa Kiswahili namhesabu. Collins kajibu, "Morning, sir." Victor kauliza, kwa Kiingereza, kama mandazi yamebaki. Kisha Shiku: "Shikamoo, mwalimu." Nikakaribia kulia. Kumbe wenzake walimtuma, waone sura yangu itakavyokuwa. Nimemhesabu hivyo hivyo. Surinder alikuwa kando, anacheka. Anacheka nini?

Alhamisi, 2 Oktoba

Kipunjabi, kumi na wanne. Kiswahili, Shiku peke yake. Chumba kimekwenda. Surinder kanikuta nabandua ramani yangu ukutani. Akasema, kwa Kiswahili kilichonyooka, "Pole sana, ndugu yangu. Njoo tunywe chai." Nikaduwaa! Kazaliwa Kisumu. Tangu mama yake afariki, anasema, hana wa kuongea naye lugha hii, na anaikosa sana. Nikasema nina haraka. Sina haraka yoyote.

Ijumaa, 3 Oktoba

Nimelitafakari na nimeng'amua. Jasusi! Mwaka mzima namsengenya kwa simu na dada yangu wa Kitale, yeye kaketi mbele yangu, kumbe anaelewa kila neno. Chai yake ni mtego. Nimekula chakula cha mchana stoo, katikati ya viti vibovu. Akaja, akabisha hodi, akaita, "Bwana Anselm, chai inapoa." Mara mbili. Nikabana pumzi mpaka akaondoka.

Upweke wa mji huu utaniua. Lakini nina mpango mpya: kesho naingia sokoni Woolwich, duka kwa duka, natafuta japo mtu mmoja wa kuongea naye Kiswahili. Shuleni hapa hakuna.