Gigahezi Tano na Kitambaa cha Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Februari

Nimedharauliwa. Na mtu anayevaa miwani ya jua mwezi wa pili, London, ndani ya ukumbi wa kanisa.

Jana baada ya Misa kamati ya harusi ya Lilian ilikaa kutathmini send-off ya Jumamosi, sherehe ya kumuaga bibi harusi kwao. Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, ilisifiwa. MC alisamehewa. Ikafika zamu ya video, ambayo ni kazi yangu mimi, Lambert, mpiga video wa Watanzania wa Thamesmead kwa mwaka wa tisa sasa. Nikasema iko jikoni. Humphrey, huyo mwenye miwani, aliyenunua kamera juzijuzi na tayari anagawa kadi za biashara, akauliza kompyuta yangu inachukua muda gani kurenda, yaani kuunganisha vipande vyote viwe filamu moja. Nikasema ukweli, jambo ambalo sitalirudia. Saa ishirini na mbili. Akasema yake dakika hamsini. Watu wakaguna. Mwenyekiti akaandika kitu kwenye daftari, na najua alichoandika. Harusi yenyewe ni baada ya Pasaka, na mpiga video wake hajachaguliwa bado.

Tena kuna Mzee Protas, baba yake Lilian, aliyekuja kutoka Kibosho kumuaga binti yake. Anarudi Jumapili mchana, na anataka kuondoka na filamu mkononi kwa ajili ya mama yake. Bibi ana miaka tisini na moja. Ndiye aliyemlea Lilian, na siku hizi hata safari ya Moshi mjini haiwezi. Ameahidiwa kwamba atamwona mjukuu wake kwenye televisheni. Ameshaalika majirani.

Nikamweleza Placida, mke wangu, kwamba nitaongeza kasi ya prosesa. Vijana wanaita overclocking. Unaingia kwenye mipangilio ya ndani ya kompyuta, unabadilisha namba, na prosesa iliyozoea kwenda gigahezi tatu na nusu inakimbia tano. Placida akahesabu kwa vidole. Akasema sasa ni saa sita mchana Jumatatu, ukiiwasha hivi ilivyo itamaliza kesho saa nne asubuhi, na Mzee anaondoka Jumapili. Tatizo liko wapi?

Hapo ndipo utajua nesi si fundi.

Jumanne, 4 Februari

Southall, kwa Hemal. Ana duka la vipuri vya kompyuta. Alizaliwa Kisumu, na Kiswahili chake cha Kenya hakijapata kutu. Nilikwenda kununua feni kubwa ya kupozea prosesa, pamoja na ile pasti inayopakwa kati ya prosesa na kipozeo ili joto lipite. Nikapewa na hotuba, bure.

Alisema kwanza ninakili kazi zangu zote mahali pengine. Halafu nipande ngazi moja moja. Nyongeza ndogo, kisha kompyuta ipewe programu ya kuitesa kwa saa nzima huku mimi natazama joto, na likivuka nyuzi themanini na tano nirudi chini. Volti nisiiguse ila pale inapolazimu, na hapo kwa tone. Skrini ikigeuka bluu hata mara moja, nisijidanganye, hiyo ni kompyuta inasema imeshindwa. "Hii ni kazi ya wikendi mbili, Bwana Lambert," akasema. "Na ukifika mahali imetulia, shuka ngazi moja, ndio ulale."

Wikendi mbili. Ndiyo maana anauza vipuri na si filamu. Nikamshukuru, nikachukua feni na pasti, nikaiacha hotuba pale kaunta.

Jioni Placida aliomba kadi ya kwanza ya kamera ajione alivyocheza wakati wa kuingiza keki. Nikampa. Akaichomeka kwenye laptop yake ya mtumba, ile ya kijivu iliyong'oka herufi E. Nilimwambia hicho si chombo cha kazi, ni sinia. Akaendelea kujitazama.

Jumatano, 5 Februari

Mafanikio! Karibu.

Hemal anasema ngazi. Mimi nilipanda lifti. Kutoka tatu na nusu hadi tano kwa mkupuo. Skrini nyeusi. Nikabonyeza tena. Nyeusi. Nilikaa sakafuni nikaona miaka tisa ya heshima inaondoka. Nikampigia Hemal, akanielekeza nitoe kile kibetri kidogo kama cha saa kilichomo ndani, nisubiri dakika tano, nikirudishe, na kompyuta itasahau upuuzi wote nilioiambia. Kweli ikasahau. Natamani Placida naye awe na kibetri. Hemal akauliza kama nilikuwa nimeshanakili kazi zangu. Nikamwambia simsikii vizuri, mtandao mbaya.

Mara ya pili niliongeza volti. Si kwa tone, kwa kijiko. Ikawaka! Gigahezi tano kamili, naziona kwa macho yangu. Joto nyuzi tisini na tatu, kwa hiyo nikafungua dirisha, maana baridi ya Februari hapa Thamesmead ni kipozeo cha bure. Placida alipika na koti mwilini. Skrini iligeuka bluu mara mbili tu. Naihesabu kama chafya. Hata mtu mzima mwenye afya hupiga chafya.

Ilibidi Humphrey apate ushahidi. Nikatega kamera, nikarekodi feni ikizunguka na ile namba tano kwenye skrini, dakika arobaini nzima, nichague kipande cha kuweka kwenye kundi la WhatsApp. Kadi ya pili ilikuwa imejaa, basi nikaifuta. Vilivyokuwamo, yaani Mzee Protas akimpa Lilian nasaha na kumkabidhi kwa wakwe, nilikuwa nimeshavihamishia kwenye kompyuta. Sasa mahali gani ni salama kuliko kwenye kompyuta yenye kasi namna hii?

Watu kumi na wanne waliweka dole gumba. Humphrey akaandika, akiuliza kama filamu imekwisha. Nikajibu kwamba imekwisha tangu asubuhi. Ilikuwa haijaanza.

Alhamisi, 6 Februari

Nilianza kurenda saa mbili na nusu asubuhi. Kufikia saa kumi na mbili kasoro jioni ilikuwa asilimia sitini na moja. Nikawa naimba.

Kengele ya mlango ikalia. Jumuiya. Ilikuwa zamu yetu, wana jumuiya wa parokia waje kusali kwetu, nami nilikuwa nimesahau kabisa. Placida hakusahau, alikuwa na chapati na chai ya tangawizi. Wakaingia watu kumi na mmoja, na wa kumi na mbili Humphrey na miwani yake. Mama mmoja akalalamika baridi, wakafunga dirisha.

Kompyuta iko kona ya sebule. Humphrey akiiona asilimia sitini na moja, nimekwisha. Kuizima siwezi. Ndipo akili yangu ikafanya kazi. Mama mkwe hutufumia vitambaa kila mwaka na kuvituma kwa kila anayekuja huku. Vya makochi, vya redio, vya televisheni, kimoja cha friji. Nyumba ya Mtanzania ina vyombo vilivyovaa kuliko wenye nyumba, na hakuna mgeni aliyewahi kuuliza chini ya kitambaa kuna nini. Nikachukua kile kikubwa cha waridi kilichoandikwa Karibu Mgeni, nikaifunika kompyuta mpaka miguuni. Kingine nikakitupa juu ya skrini. Nikaweka chombo cha maua ya plastiki. Ikapendeza. Ikapendeza mno, maana mwenyekiti wa jumuiya alitafuta mahali pa heshima pa kuweka sanamu ya Bikira Maria inayozunguka nyumba kwa nyumba, akaiweka pale pale juu.

Hapo nani angeigusa tena?

Tendo la pili la rozari, feni ilianza kuvuma. Tendo la tatu, Humphrey akaninong'oneza akiuliza kama tunafua. Nikasali kwa sauti kubwa zaidi. Watu wakadhani nimeguswa, nao wakapaza. Tendo la nne, harufu. Maua yakainama taratibu, moja baada ya jingine, na Placida akawa ananitazama bila kupepesa. Tendo la tano, kimya ghafla. Nikashukuru, nikadhani imemaliza. Kisha nikaona mwanga wa bluu unapenya kwenye matundu ya kitambaa cha skrini. Yule mama wa baridi akasema taa yetu ya Bikira Maria ni nzuri sana, tumeinunua wapi?

Ijumaa, 7 Februari

Niliibeba kompyuta kwenye toroli la sokoni mpaka kwa Hemal. Akaifungua, akanusa, akatoa uzi wa waridi kwenye feni, akautazama muda mrefu. Akasema prosesa ni nzima kwa sababu ilijizima yenyewe ilipozidiwa. Akasema ina akili kuliko mwenye nayo. Nimemsamehe, ni mfanyabiashara.

Lakini diski. Tangu Jumatano kompyuta ilikuwa inakosea hesabu, na kila ilichoandika ilikiandika na makosa. Zile bluu mbili ndizo zilizokuwa onyo. Filamu imeharibika, na vipande vyake navyo vimeharibika. Alichoweza kukiokoa ni Lilian bila kichwa na michirizi ya kijani. Akafukua na kadi ya pili, akanikuta mimi nimeifuta na kurekodi juu yake. Ina feni. Dakika arobaini, picha safi sana.

Nilipofika nyumbani nikamwambia Placida. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha. Akaniambia ile kadi ya kwanza, ambayo nayo nilikuwa nimeifuta Alhamisi, aliinakili yote Jumanne, maana mtu hupewa kitu mara moja katika nyumba hii. Akakaa na laptop yake, akapanga kuingia kwa bibi harusi, keki, ndafu na ngoma, na saa tisa alasiri akaiachia irende. Akaiweka juu ya meza ya jikoni, wazi, bila kitambaa, akaenda zake kazini. Asilimia sifuri na nusu.

Nasaha hazimo. Zilikuwa kadi ya pili.

Nilijifungia chooni. Nikaona haya, haya ya kweli, si ya kumwonea Humphrey. Kule Kibosho kuna bibi anayengoja kumwona mwanawe akimkabidhi mtoto aliyemlea yeye, na mimi nina feni.

Jumamosi, 8 Februari

Asubuhi haya ilikuwa imepungua. Nikampigia Mzee Protas, nikamweleza kwamba desturi ya London ni nasaha kurekodiwa mara mbili. Placida akaninyang'anya simu, akamwamkia, shikamoo baba, akamwambia ukweli wote, na feni ndani yake. Mzee aliuliza waje saa ngapi. Kisha akasema watakuja.

Walikuja saa saba mchana. Yeye suti ile ile, Lilian gauni lile lile na koti juu. Wakaketi kwenye kochi letu. Siku ya send-off Mzee alisoma kwenye karatasi. Leo hakuwa nayo. Placida alishika simu yake kwa mikono miwili, na Mzee akaanza kumsemesha mama yake badala ya binti. Akamwambia mama, mtoto uliyeniomba nikuachie nilipofiwa na mke, huyu hapa, amekua, ninamtoa leo kwa mkono wangu ila malezi ni yako. Lilian alilia. Placida alilia na simu haikutikisika. Hata mimi, ingawa nilikuwa nashika taa.

Mwisho akageukia maneno ya kumwambia bwana harusi. Akasema mwanangu, mwenda pole hajikwai. Mke mwenye subira anaweza kumvumilia mume mwenye papara, lakini hakuumbwa punda wa kubeba mizigo ya papara zake. Alisema yote hayo akinitazama mimi, hakupepesa. Nilielewa mara moja. Alitaka nimfikishie Humphrey.

Jumapili, 9 Februari

Sinia limemaliza saa tatu asubuhi. Saa arobaini na mbili. Placida akaweka filamu na nasaha kwenye flashi moja, akaipeleka mwenyewe uwanja wa ndege na kumkabidhi Mzee mkononi. Mimi sikuombwa kwenda.

Jumatano, 12 Februari

Mzee Protas amepiga simu. Bibi ameona. Sebule ilijaa hadi barazani. Ngoma alizitazama mara moja, nasaha mara tatu, kisha akaomba picha isimamishwe kwenye uso wa mwanawe, na waliiacha hivyo mpaka jioni. Ameulizia pia yule mtu aliyesimama mbele ya keki akimkinga Lilian. Ni mimi, kamera nilikuwa nimeitega kwenye stendi.

Kamati nayo imekaa. Harusi ya baada ya Pasaka itapigwa video na Placida. Humphrey atashika taa. Mimi nimepewa stendi za kamera, kuzibeba. Mwenyekiti alisema ni uamuzi wa wote, na Placida alipiga kura.

Sina kinyongo. Bali nawaza kwa ajili ya familia. Saa arobaini na mbili kwa filamu moja ni aibu, na Humphrey sasa atakuwa karibu anaona. Placida yuko zamu mpaka jioni. Aliacha karatasi juu ya laptop imeandikwa USIGUSE, kwa sababu picha zote za send-off ziko humo na hazipo kwingine. Nimeiondoa karatasi kwa uangalifu nisiichane.

Nimepata programu ya kuongeza kasi ya laptop. Hemal sikumpata kwa simu, nikachukulia amekubali. Safari hii nimejifunza, nimepanda ngazi mbili tu kwa pamoja. Kunakili kwanza kungechukua saa nzima, na hii ni kazi ya dakika kumi.

Inakimbia vizuri sana. Skrini imegeuka bluu mara moja. Chafya.