Dizeli ya Bwana Badawi

Jumatatu, 5 Januari 2026
Daktari anasema moyo wangu umechoka. Basi niungame nililoficha: ushauri niliompa mjukuu wangu Razan haukuwa safi. Anataka gari la kupeleka barafu na samaki kutoka gati ya Mokowe hadi mji wa Hindi. Likikwama, barafu itakuwa maji na biashara itakufa. Magari ni mawili: la petroli, lenye nguvu nyingi za farasi, na pikapu ya dizeli yenye farasi wachache. Jirani yangu Badawi kasema dizeli. Nikasema petroli. Mimi nimefundisha fizikia. Badawi alikuwa karani wa forodha.

Jumatano, 7 Januari
Badawi kaja barazani kwangu na kashata, kanipinga kwa adabu. Kasema farasi wengi ni wa mwendo wa mbio. Kuondoka na mzigo ni kazi ya torki, ile nguvu ya kuzungusha magurudumu. “Mwalimu, ndia yenyewe ya mtanga ile.” Kweli, njia ya Hindi ni mchanga mtupu. Kaeleza vizuri kuliko nilivyopata kueleza darasani. Inaudhi. Nimepanga: majaribio yawe juu ya lami, magari matupu.

Alhamisi, 8 Januari
Mokowe. Mpango ukafaulu. Petroli ikaiacha dizeli mbali sana. Razan kanitazama kwa heshima. Kisha Badawi akauliza, taratibu, ni nani kisiwani kwetu Amu anayenunua punda bila kumtwika mawe kwanza. Hakuna. Makreti ya barafu yakapakiwa, magari yakateremshwa mchangani. La petroli likaguruma, likatetemeka, likazima. Tena. Tena. Pikapu haikupandisha hata sauti. Iliondoka na mzigo wake kama mtu mzima anayetoka harusini baada ya pilau: bila haraka, bila kugeuka. Subhanallah. Injini inazunguka polepole, na torki yote iko tayari. Nusura nipige makofi. Nikajikohoza.

Ijumaa, 9 Januari
Razan kachukua pikapu. Barafu imefika Hindi ikiwa barafu. Baada ya swala nimewaeleza watu kuwa dizeli lilikuwa wazo langu. Badawi alikuwa amekaa papo hapo. Kasema, “Mwalimu ni mwalimu,” kanimiminia kahawa. Mtu wa namna hii unamshindaje?

Jumamosi, 10 Januari
Razan kauliza habari za matairi. Badawi kasema mapana, yasizame mchangani. Nimekwisha kumwambia membamba.

Torki niliifahamu tangu siku ya kwanza. Nilichagua petroli kwa sababu Badawi alitangulia kusema dizeli.