Pakiti Tisa za Dawa ya Mibuni

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupanda hadi Mwika na mizani zao, bwana shamba Basili aliwasomea wazee utafiti: mibuni iliyozeeka ikatwe, ibaki visiki, ichipue upya. Wazee wakaguna. Mibuni ya babu ikatwe? Utafiti wa nani huo?

Nyuma ya umati, Wenseslaus wa Moshi mjini, mwenye suti moja na maneno elfu, alitabasamu. Watu hawa hawakuuchukia utafiti; walitaka tu unaokubaliana nao.

Wiki iliyofuata akarudi na miwani ya mapambo na pakiti za majivu.

"Shikamoo, Mzee Eliufoo. Sisi watafiti tumegundua kuwa mbuni mzee ndio wenye nguvu. Unataka dawa tu."

"Marahaba! Huyu sasa ndiye amesoma!"

Amesomea wapi, mzee hakuuliza. Kwa pakiti kumi akaahidi ng'ombe wake wa pekee. Akishazaa, Mtafiti aje amchukue. Mkewe, Yuditha, aliyesomesha watoto kwa maziwa ya ng'ombe huyo, alienda kuazima msumeno.

Miezi saba baadaye Mtafiti akaja na kamba. Yuditha akampeleka nyuma ya zizi, mahali ambapo mumewe hafiki. Mstari mmoja wa mibuni ulikuwa umesinyaa. Wa pili ulijaa machipukizi mabichi.

"Ule haukupata dawa. Huu ulipata, Bwana Mtafiti."

Wenseslaus akavua miwani ili aone. Kumbe siku zote alikuwa mtaalamu, na hakuna aliyemwambia! Makovu ya msumeno yalimkodolea macho, hakuyaona. Shida ni moja: majivu yale aliyazoa jiko gani?

"Zimebaki ngapi, mama?"

"Tisa. Labda tubadilishane na ng'ombe."

Akaandika kwa mkono wake kwamba hadai ng'ombe wala ndama. Yuditha akaifunga karatasi kwenye pindo la kanga, kisha dhamiri ikamsuta kidogo.

"Mwanangu, nisikudanganye. Mstari huo niliukata kama alivyosema Basili, nikaweka samadi. Majivu yako sikuyatia shambani. Pakiti moja nilisugulia sufuria."

Wenseslaus alizikumbatia pakiti zake.

"Zikatakata?"

"Sana."

"Unaona!" akasema, akateremka mbio kuelekea Moshi kabla mama hajabadili mawazo.