Mito Sita ya Bibi Asiya

Jumatatu, tarehe 7 Septemba 1998

Viatu vya arusi vimekataa kuingia. Viatu vyangu mwenyewe, vya mwaka jana! Miguu imeumuka kama mikate. Nikibonyeza kidole, shimo linabaki palepale linanitazama.

Mtaa mzima wa Buyenzi unanisifu. Vita hivi vinatimiza miaka mitano, embargo nayo, majirani kutufungia bidhaa, mwaka wa tatu, sukari tunaisikia kwa jina, halafu mimi nanenepa! Dative wa mlango wa pili, mwembamba kama ufito, ameniuliza mbele ya watu ninakula nini kwa siri. Nikamwambia: roho safi. Akanuna mpaka adhuhuri.

Ila pumzi inanikimbia. Kutoka bombani mpaka mlangoni nasimama mara mbili, najifanya nasalimia watu. Leo nimemsalimia hata mbuzi.

Basi nikaenda kwa muganga, daktari wa kituo cha afya. Lubna sikumwambia. Ni mjukuu wangu, anaolewa Jumapili na Mohamadi, fundi wa magari. Mama yake risasi ilimkuta akianua nguo, mwaka wa tisini na tano. Nilimwahidi kaburini: huyu nitamtoa mimi, kwa mkono wangu. Arusi imeshaahirishwa mara mbili kwa milio ya bunduki. Akijua naumwa ataahirisha ya tatu, akae anichemshie uji. Namjua. Kichwa kigumu, sijui kakirithi kwa nani.

Muganga Térence ni kijana, mpole, hana adabu. Kaniuliza nalalia mito mingapi. Hee! Mtoto wa watu anahesabu mali ya chumbani mwangu! Mlango wazi, foleni nzima imetega masikio. Nikasema sita. Kalamu ikamdondoka.

Ukweli ni mitatu. Mmoja wangu wa zamani, miwili mipya ya Lubna, ya kwenda nayo kwa mume. Nimemwambia namlainishia. Nikilala bapa, ni kama mtu kanikalia kifuani.

Muganga akakunja ngumi. Moyo, akasema, ni kama hivi. Vyumba vinne, viwili juu, viwili chini, na milango inayofunguka upande mmoja tu ili damu isirudi ilikotoka. Upande wa kulia unaipeleka mapafuni ikachukue hewa. Upande wa kushoto unaisukuma mwili mzima, utosini mpaka kidole cha mguu. Nikamwambia nimeelewa, ni kama rupango yangu: wapangaji wanne kwenye ua mmoja, na mwenye kazi nzito ni mmoja tu. Akacheka, akasema ndivyo hasa, wa chini kushoto. Sasa huyo wa kwangu presha ya miaka mingi imemtanua, kusukuma hawezi tena. Damu inapanga foleni, maji yanavujia miguuni na mapafuni. Wengine, anasema, ni mlango ulioharibika, kwa homa ya koo ya utotoni isiyotibiwa. Wengine mshipa unaoulisha moyo wenyewe unaziba, kifua kinabanwa ghafla. Wako, Bibi, umechoka.

Umechoka! Na nani hajachoka katika mji huu?

Na unene wangu ni maji. Maji matupu! Nilikuwa nimeshauzoea.

Masharti: kidonge kimoja cha kutoa maji kila asubuhi, chumvi marufuku, nijipime kilo kila siku. Zikipanda mbili nirudi mbio, atanilaza. Anilaze, na Jumapili ndiyo hii inakuja!

Naandika haya kwa herufi za madoido alizonifundisha marehemu bwana yangu, mchora vibao vya maduka. Shule mimi niliipita nje. Lubna hawezi kuusoma mwandiko huu. Ndiyo faida yake.

Jumanne, tarehe 8

Kidonge kile si mchezo. Chooni mara tisa kabla ya adhuhuri. Na choo cha rupango kiko mwisho wa ua, mbele ya dirisha la Dative! Nikamwambia Lubna nafukuza kuku. Mara ya tano akaniuliza kuku wa nani. Kweli, rupango hii haina kuku.

Dative kahesabu safari zangu. Kawatangazia wapangaji kwamba nimeficha sukari chooni. Alasiri nimemkuta kainama anachungulia shimoni kwa tochi. Nikamwuliza kama anaona vizuri.

Jumatano, tarehe 9

Nimejipima kwa Tajudini sokoni, kwenye mizani ya magunia ya maharagwe. Sabini na nne. Tajudini akapiga kelele soko zima lisikie: “Bibi, we embargo haikujui!” Nikamwombea laana ndogo.

Mpango wa chumvi. Pakiti ya jikoni nimeishindilia ndani ya pamba ya mto wangu wa zamani, nikamwambia Lubna imekwisha, tutakula hivihivi. Nani angeshuku, mji wenyewe huu? Mtoto akaondoka. Karudi jua kali, miguu vumbi, na chumvi nusu kilo, na ndagala, vile visamaki vya ziwani. Kauza khanga yake! Kasema eti, Bibi, uso wako umenyong'onyea, mi siwezi kukuacha ule chakula cha hospitali.

Ningekataaje? Kukataa ni kumtia shaka. Nikala sahani mbili. Ya kwanza kwa mapenzi, ya pili kwa usalama.

Asubuhi wakati nameza kidonge nilimwona Dative dirishani. Macho mimacho.

Alhamisi, tarehe 10

Vidonge vimeibiwa! Kopo tupu! Nimepekua chumba kizima mpaka ndani ya viatu visivyoingia.

Mizani: sabini na sita. Zimepanda mbili. Nimefikiri sana juu ya jambo hili. Mizani ya Tajudini imeharibika. Kila mtu anajua Tajudini anapunja.

Kwa muganga siendi. Siku tatu tu zimebaki. Moyo uliochoka miaka yote hii utashindwa siku tatu?

Nimelala nimekaa.

Ijumaa, tarehe 11

Asubuhi nimegongana na Dative mlangoni pa choo. Anatoka, anageuka, anaingia tena. Macho yamezama, midomo mikavu. Nikamngoja nje kama polisi. Akaungama yote. Alifikiri ni vidonge vya kunenepesha! Anameza viwili viwili tangu juzi, apate kulijaza gauni lake siku ya arusi. Sasa gauni linamning'inia kama liko kwenye kamba.

Nilicheka, ndugu zangu! Nilicheka mpaka pumzi ikatoka. Halafu haikurudi.

Dative yule mwizi kanipakia kwenye baiskeli ya abiria akakimbia pembeni, kanishika kiuno, anawapigia watu kelele: pisheni, dada yangu anakufa! Dada yake. Sisi, ambao mwaka mzima tunagombania kamba ya nguo.

Sindano ya mshipani. Hewa ya chupa. Maji mapafuni, kasema muganga, ungechelewa kidogo tu. Kaniuliza tena mito; kumbe kwake mito mingi ni maji mengi kifuani. Nikasema mmoja, aniruhusu niende. Akafungua karatasi yake: Jumatatu ilikuwa sita. Nikamwambia vita, muganga, watu tunafilisika haraka.

Dative naye kalazwa kitanda cha pili, kakaukiwa. Dawa yake ni hii: maji yenye sukari na chumvi. Sukari! Na chumvi! Mwenye dawa kapigwa marufuku, mwizi kaandikiwa!

Jumamosi, tarehe 12

Lubna kanikuta. Kalia, nami nikalia, kisha tukagombana. Kasema arusi basi. Nikasema nikifa kwa moyo huu atakuwa kaniua yeye. Kasema, “Bibi, uniseme unavyotaka, mi siolewi.” Muganga hanitoi kabla ya Alhamisi.

Mpango: Dative anaruhusiwa leo. Alale kitandani mwangu kajifunika uso, mimi nitoke na gauni lake. Amandine muuguzi alitukamata mapema. Gauni lilikwama kichwani, mkono mmoja ndani, mmoja nje. Lubna ndiye aliyenichomoa. Akauliza kwa nini nahangaika hivi. Nikamwambia ile ahadi ya kaburini. Sikuwahi kumwambia.

Akajifuta uso, akatoka. Mlangoni akageuka: kama Bibi haji arusini, arusi inakuja kwa Bibi.

Jumapili, tarehe 13

Wamefunga ndoa uani kwa muganga, saa nne asubuhi, kati ya kamba za mashuka. Shehe Hamissi alisoma. Mwanangu Shaabani, baba yake mdogo, alisimama walii. Wagonjwa walijipanga na vikombe vyao, Dative akapiga vigelegele ambavyo Wakatoliki hawafundishwi. Upepo ulipeperusha mashuka, nikamkumbuka mama yake na zile nguo alizokuwa anaanua.

Nikaushika mkono wa Lubna, nikauweka katika mkono wa Mohamadi. Nilisimama. Bila fimbo.

Yule mpangaji wa chini kushoto, mchovu yule, leo alifanya kazi.

Jumatatu, tarehe 14

Lubna ameniletea mito yote mitatu. Miwili mipya ameniachia, kasema nimeshailainisha.

Saa tano wakweze wamekuja kunipa pole. Watu wa Kibenga, mtaa wa wenye nazo, manukato, mkoba wa ngozi. Walikuwa wamesimama miguuni pangu hasa Muganga Térence alipoingia. Akavuta kiti. Kasema, Bibi, sasa umepumzika, tuambiane kweli kama mtu na mwanawe, ndipo nijue kama Alhamisi uende nyumbani: huko unalalia mito mingapi?

Mama mkwe akainua shingo.

Nikasema kumi na miwili.

Kaandika. Kaniongezea wiki.

Dative kaleta pilau ya arusi kwa mlango wa nyuma. Wameipika bila chumvi, amri ya Lubna, haina ladha hata kidogo. Bahati nzuri mto wangu wa zamani ninao hapa.