Hotuba ya Mwenyekiti wa Kamati ya Kuutambua Mgongo

Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, uliyetuazima viti. Mheshimiwa Katibu, uliye kinyozi wa hapo jirani na uliyefunga duka kwa ajili yetu. Waheshimiwa wajumbe wa Kikosi Kazi cha Mabega na wa Kikosi Kazi cha Kisogo. Bibi Mshonaji, mlezi wetu, uliyekaa mbele kwa sababu ya macho. Wasomaji watukufu wa vile vitabu vitano vya Mkunga Mpelelezi. Na nyinyi mliojibanza kwenye ngazi: itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa, naomba ihesabike kuwa imezingatiwa. (Makofi.)

Ndugu wadau, kama mnavyofahamu, miaka miwili iliyopita, kwenye kioo cha ofisi ya wachapishaji, ambako mimi mwenyekiti wenu ni mtunza mafaili, lilibandikwa bango la kitabu cha sita, likionyesha mtu wa koti la kijivu aliyetugeuzia mgongo, amesimama mbele ya mlango wa Mkunga; na kwa kuwa bango halikusema ni nani, mimi, kwa maono mapana ambayo wengi wenu mmeyasifu na ambayo mimi mwenyewe nayasifu zaidi, niliona haja ya kuunda fremuweki shirikishi ya kumtambua kabla kitabu hakijatoka. (Makofi. Sauti: "Baba wa maono!")

Mpaka sasa tumefanya wekshopu thelathini na moja. Upembuzi yakinifu unaonyesha kwamba asilimia sitini yenu mnaamini ni mume wa Mkunga, yule aliyeondoka katika kitabu cha pili. Asilimia arobaini mnaamini ni muuaji. Na asilimia kumi na tano hamjaamua, mkiwa mmezidi mia kutokana na hamasa. (Vicheko.) Fundi umeme na mkewe hawasemezani tangu wekshopu ya kumi, huyu akishikilia mume, yule muuaji, na kamati imelishughulikia suala hilo kikamilifu kwa kuwatenganisha viti. Kikosi Kazi cha Mabega kimeripoti kwamba mtu huyu ana mabega ya uongozi. Kikosi Kazi cha Kisogo, chini ya Katibu, kimesema ni kisogo cha mtu aliyewahi kupendwa sana. Matokeo hayo niliyapitisha siku hiyohiyo, bila marekebisho, nikaenda nyumbani nikiimba.

(Bibi Mshonaji, akisimama: "Mwanangu, hizo asilimia tumezisikia. Daktari kaniambia macho haya yamebakiza miezi tu. Kitabu nakisoma lini? Nataka kujua kama mume karudi.")

Swali zuri sana, Bibi, na kamati inalichukua, italichakata kwa mapana na marefu yake, na—

("Usilichukue, lijibu. Na hebu geuka kidogo.")

Bibi, kwa mujibu wa protokali, mwenyekiti haipi hadhira mgongo.

("Geuka, baba. Miaka arobaini nakata makoti. Bega lako la kushoto limelala kuliko la kulia, na la yule wa kwenye bango vilevile.")

(Mwenyekiti anageuka. Kinyozi: "Salaala! Na kisogo ni chenyewe! Nakinyoa mimi kila Jumamosi!")

Ndugu wadau, kwa kuzingatia hali halisi iliyojitokeza... yaani, ndiyo. Ni mimi. Kile kioo kilikuwa na ufa. Meneja akataka bango lolote la kuuziba, mpiga picha akataka mtu wa kusimama, na mimi nilikuwa napita na mafaili. Kesho yake Bibi akaniuliza pale nje kitabu kinatoka lini. Ningeweza kusema sijui. Lakini miaka kumi na minane pale ofisini sijawahi kuulizwa chochote isipokuwa faili liko wapi, na swali lile lilininogea. Nikajibu: mwezi ujao. Mkaja watu kumi, mkaja arobaini, mkanichagua, mkaanza kubishana juu ya mabega yangu, na mimi nikawa naongoza kikao, naandika kila mnachosema. Bibi, nilijua macho yako yanakwisha, na bado niliitisha wekshopu nyingine. Kamati haina hatia. Aibu ni yangu mimi.

Wasomaji, hoyee! (Kimya.) Utafiti, hoyee! (Kimya.) Mgongo, juu! (Mtu mmoja, kwa mazoea: "Juu!")

Kwa kuhitimisha, namshukuru mwandishi wetu, aliyeacha kuandika miaka mitatu iliyopita akaenda kufuga kuku, na ambaye hana habari yoyote ya kitabu cha sita, kwa kuwa hakipo, na hakijawahi kuwapo hata ukurasa mmoja; na nawashukuru nyinyi nyote, kwa moyo mkunjufu, kwa kumtafuta miaka miwili mfululizo mtu ambaye asiporudi nyumbani hakuna atakayeuliza yuko wapi. Bibi, unisamehe. Aliyesimama mlangoni si mume, ni mtunza mafaili. Asanteni kwa kunisikiliza.